Mwenye Ploti na Milango Yetu

Ukitafuta chumba Garissa utaulizwa mambo matatu: wewe ni wa nani, unafanya kazi wapi, na nani atakusimamia ukishindwa. Mwenye ploti ambaye nilipanga kwake kwa miaka saba hakuniuliza hata moja. Alinitazama kuanzia viatu hadi mtandio, akachungulia nyuma yangu kana kwamba kuna mtu nimemficha huko, kisha akasema, "Mlango yako iko wapi?"

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka Hola na mabegi mawili, godoro na barua ya kuanza kazi ya ualimu. Mlango ungetoka wapi? Akanipeleka hadi mwisho wa ploti akanionyesha chumba. Kuta za mawe zilikuwa imara, mabati mapya, sakafu ya saruji laini, na mbele shimo tupu lililokuwa likingoja mtu aje na mlango wake. Vyumba tisa vingine vilikuwa na milango, na hakuna miwili iliyofanana. Mmoja wa chuma, mmoja wa mbao za masanduku ya chai, mwingine wa mabati yaliyopigiliwa kwenye fremu ya mti, na mmoja wa kifahari wenye nakshi ambao mwenyewe aliuleta kutoka Mandera juu ya lori la mbuzi.

"Kwetu mwanamke anafungua nyumba yake yote, anabandika juu ya ngamia, anahama nayo," aliniambia. "Wewe umesoma mpaka chuo, huwezi kubeba hata mlango?"

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake. Si kwamba sijui. Garissa hayo ndiyo ya kwanza kujulikana, na watu wengi wamekosa pa kulala kwa sababu ya jibu walilotoa. Lakini yeye alikataza maswali hayo ndani ya ua wake, na mimi nilikula chumvi yake, kwa hiyo nitalinda amri yake hata hapa. Sote tulimwita Ayeyo, yaani bibi, ingawa alidai ana miaka hamsini na mitano. Alidai hivyo mwaka nilioingia, na akadai hivyo hivyo mwaka nilioondoka.

Alinipa siku tatu. Siku hizo nilining'iniza leso mlangoni, na kila mbuzi wa mtaa aliingia kunisalimia. Bahati nzuri shule yetu ilikuwa imepata milango mipya ya chuma, na ile ya zamani ilikuwa ikitolewa kwa anayetaka. Nikakodi mkokoteni wa punda nikaja na mlango wa mbao, rangi ya buluu, ulioandikwa kwa herufi nyeupe kubwa: DARASA LA TATU.

Ayeyo hakujua kusoma. Aliniuliza umeandikwa nini, nikamwambia. Akacheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo hakuniita mwalimu tena ila mbele ya wageni. Tukiwa wenyewe nilikuwa Darasa ya Tatu. "Darasa ya Tatu, kuja kunywa chai." "Darasa ya Tatu, nguo yako imeanguka kwa kamba." Nilikuwa nafundisha darasa la nane, na aliendelea kunishusha hadhi miaka saba mfululizo.

Mwanzoni nilidhani sharti la milango ni ubahili tu. Baadaye nikaelewa hesabu yake. Mlango na fremu ndivyo vinavyomaliza mfuko wa anayejenga. Ukiviondoa, chumba kinaweza kupangishwa kwa bei ambayo mchuuzi wa maziwa anaiweza. Tena kulikuwa na jambo la pili. Wenye nyumba mjini waliwakataa wakimbizi kwa sababu hawana mtu wa kuwasimamia. Yeye alisema mlango ndio mdhamini. Mtu aliyekuja na mlango wake, akautia bawaba, akaupaka mafuta, huyo hana mpango wa kutoroka. Ofisi nzima ya nyumba isingefikiria hivyo.

Sasa usidhani alikuwa mpole. Alikuwa na mdomo. Kila asubuhi alisimama katikati ya ua, chupa ya chai mkononi, akawatangazia majirani kwamba wakimbizi wamejaza mji, wamemaliza maji, wamepandisha bei ya nyama. "Mtu wa mji atalala wapi?" alifoka. Kisha akageuka na kuwamiminia chai watu wa vyumba sita kati ya kumi, wote wakimbizi, akimlazimisha kila mmoja kuongeza sukari. Nilimwuliza siku moja kwa nini anawasema hivyo. Alishangaa. "Hao nawasema wengine," akajibu. "Hawa ni watu yangu."

Alijenga nyumba za mawe lakini hakukubali kulala ndani yake. Yeye alilala nyuma ya vyumba, ndani ya herio, ile nyumba ya mviringo ya vijiti vilivyopindwa na kufunikwa mikeka, aliyoisuka kwa mikono yake na kuiziba kwa maturubai pale mikeka ilipochoka. Ghorofa ndizo alizozichukia zaidi. Zilipoanza kuota karibu na barabara kuu, aliziangalia kwa huruma. "Utalala vipi chini ya miguu ya mtu hujui?"

Simu alikuwa nayo, na aliitumia kutuma ujumbe wa sauti. Hata ukiwa chumba cha pili kutoka kwake, ungepokea sauti ya dakika nne, nusu yake akigombana na mbuzi. Sauti hizo bado ninazo.

Na alikuwa na sheria nyingine: mlango ni wa mwanamke wa nyumba. Kulikuwa na mume mmoja, dereva wa lori, aliyegombana na mkewe mchana wa Ijumaa akatoka na bisibisi kuuondoa mlango aende nao. Ayeyo akachukua mkeka wake, akautandika pale pale kizingitini, akakaa na tasbihi.

"Waryaa," akamwita, kama unavyomwita mtoto aliyepanda ukuta. "Uliona wapi mwanamume anabeba nyumba?"

Ua mzima ulicheka, mke akiwemo. Yule bwana akarudisha skrubu moja moja. Wameongeza watoto wawili tangu hapo.

Aliyenifanya nianze kumpenda Ayeyo, badala ya kumwogopa tu, ni mshonaji. Wakati huo mgao wa chakula kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley ulikuwa umepunguzwa, na watu waliopata ruhusa walikuja mjini kutafuta riziki. Mshonaji alishuka kutoka kwenye lori la Dagahaley na watoto wanne, cherehani ya mkono na mlango. Milango ya namna ile nilikuwa nimeisikia tu. Ulitengenezwa kwa makopo ya mafuta ya msaada, yaliyokatwa, yakakunjuliwa na kupigiliwa moja kando ya jingine, hadi maandishi ya makopo yakapangana pande zote kama viraka. Ulikuwa mpana kuliko milango yote niliyoiona.

Chumba kilichokuwa wazi kilijengwa kwa kipimo cha mkono wa Ayeyo, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, mara mbili na nusu. Mlango ulipimwa kwa mkono wa mwanamume mrefu. Walipouinua uingie, haukuingia. Ulizidi kwa upana wa kiganja.

Mshonaji alikuwa amechoka na vumbi la safari limemjaa kope. "Hakuna shida, Ayeyo," akasema. "Tutakata. Naomba msumeno tu."

"Nani alitengeneza?"

Yule mama akafuta kope kwa ncha ya mtandio. "Baba ya watoto. Allah amrehemu."

Ayeyo aliupapasa ule mlango, kopo baada ya kopo, akizungusha kidole kwenye vichwa vya misumari. Kisha akapiga kelele kumwita fundi wa mawe aliyekuwa akinywa chai ng'ambo ya barabara. "Kuja na nyundo! Ukuta imekosea!"

Fundi alipinga. Alisema ukuta ni mzima, na mlango ni bati tu, kuukata ni kazi ya dakika tano. Ayeyo akamwambia mawe yanauzwa kila mahali, lakini mkono uliopiga misumari ile hauuzwi tena popote. Ukuta ukabomolewa upande mmoja, ukajengwa upya kuufuata mlango. Kuanzia hapo ikawa desturi: mlango ukikataa kuingia, ukuta ndio uliotahiriwa. Baada ya miaka michache hapakuwa na mashimo mawili yanayolingana katika ploti nzima. Mafundi wa mji walitucheka. Walisema ile si ploti, ni mdomo wa mzee uliong'oka meno.

Kisha Mto Tana ukafurika. Mtaa wa chini wote ulihamia juu. Kila ndugu mwenye sebule alipata wageni. Kodi za vyumba mjini zikapanda kila wiki, na waliofukuzwa kwanza walikuwa wale wasio na wa kuwasemea. Kwetu hakuna kilichopanda. Watu walianza kusema mwenye ploti yetu amezeeka vibaya.

Mwanawe mkubwa alikuwa na duka la nguo Nairobi. Hakuwa mtu mbaya, na nitasema hilo wazi, maana nilimchukia siku mbili nzima. Alitaka mamake apumzike. Mkandarasi wa barabara alikuwa akitafuta vyumba kumi vya wafanyakazi wake, vyote pamoja, kwa bei ambayo sisi tusingeifikia hata kwa ndoto. Mwana akampa neno lake kwa simu. Akaja Garissa kumwambia mamake mambo yakiwa yamekwisha.

Tuliitwa uani baada ya sala ya alasiri. Ayeyo alikaa kwenye mkeka, mwanawe pembeni yake kwenye kiti cha plastiki, macho chini.

"Mwanangu ametoa neno," akasema. "Neno ya mwanangu ni neno yangu, siwezi vunja mbele ya watu. Kesho asubuhi huyo bwana anachukua vyumba, vile viko, hivyo hivyo."

Mshonaji akajifunika uso kwa mtandio. Alishakuwa na wateja mtaani, na mtoto wake wa kwanza alikuwa akijiandaa kwa mtihani darasani kwangu. Mji wote haukuwa na chumba. Kwake kufukuzwa kulimaanisha kupanda lori kurudi Dagahaley, mwezi mmoja kabla ya mtihani.

Mimi hasira ilinipanda. Nilisema mbele ya wote, "Kumbe hata wewe, Ayeyo. Ulikuwa unangoja bei tu."

Nilisema hivyo. Ningependa kuandika kwamba nilinong'ona, lakini sikunong'ona. Ayeyo alivuta tasbihi yake punje mbili tatu, kisha akaendelea kwa sauti ile ile.

"Kila mtu atatoka na mali yake. Yote. Sufuria, godoro, kuku. Mlango pia. Bisibisi iko kwa herio yangu, na nyundo mbili."

Hata hapo sikuelewa. Wala mwanawe hakuelewa.

Asubuhi tulifungua milango yetu mapema. Tulitoa vyombo vyote tukavirundika ukutani, kila familia imekalia mali yake, na milango kumi ikaegemezwa kwenye uzio. Mkandarasi akaja na lori la vitanda na masanduku ya vifaa. Wafanyakazi wake walitarajiwa kufika kabla ya jioni. Alishuka akitabasamu, akamwamkia Ayeyo kwa heshima, kisha akatazama vyumba. Tabasamu likaanza kumtoroka.

"Mama, milango iko wapi?"

"Milango ni ya wenyewe. Mimi nina vyumba. Mwanangu alikupa vyumba, vile viko. Hizo hapo. Chukua, na baraka."

Akamwita fundi wake wa kuchomelea, akamwambia apime haraka, milango kumi ya chuma itengenezwe mara moja. Fundi akaanza chumba cha kwanza, akaandika. Akapima cha pili, akakuna kichwa. Alipofika kwa mshonaji alirudia kupima mara mbili, kisha akarudi kwa tajiri wake. Kila shimo lilikuwa na kipimo chake. Kila mlango ungetengenezwa peke yake, na mafundi wote wa kuchomelea mjini walikuwa na foleni ya wiki nyingi kwa sababu ya mafuriko. Kubomoa na kusawazisha kungechukua muda mrefu zaidi. Na vifaa vya barabara, fundi akaongeza, huwezi kuvilaza kwenye chumba kisicho na mlango Garissa hii.

Mkandarasi akatugeukia sisi. Akataka kununua milango. Alianza na ule wa nakshi kutoka Mandera, mwenyewe akatazama mawinguni. Akaja kwangu, nikamwambia Darasa la Tatu haliuzwi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na uso ulinichoma kwa aibu na furaha kwa pamoja. Akamwendea mshonaji. Yule mama alikuwa ameulaza mlango wake chini, amekaa juu yake na watoto wote wanne, kama watu walio kwenye mashua.

"Hii hapana," akasema. "Hii ni mume yangu."

Mkandarasi alisimama katikati ya ua, amezungukwa na kuku. Akamtazama mwana. Mwana akamtazama mamake. Ayeyo alikuwa akivuta tasbihi, uso mtulivu kama wa mtu anayengoja basi. Kisha nikaona mabega ya yule mwana yakitikisika. Alikuwa anacheka. Alijaribu kujizuia kwa ajili ya mgeni wake, akashindwa, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ndugu yangu," mkandarasi akamwambia hatimaye, "neno lako nimekurudishia. Huna deni kwangu. Nitatafuta kwingine."

"Mbele ya hawa mashahidi?" Ayeyo akauliza haraka.

"Mbele ya hawa mashahidi, mama."

Lori likageuka barabarani. Halafu mtu mmoja akapiga kigelegele, na ua ukalipuka. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ya milango kumi ikipigiliwa kwa wakati mmoja. Nyundo zilikuwa mbili, kwa hiyo watu walitumia mawe, michi, hata kisigino cha kiatu. Dereva wa lori, yule yule wa bisibisi, alimsaidia mshonaji kuinua mlango wa makopo, na ukaingia mahali pake sawasawa, maana ukuta ulijengwa kwa ajili yake. Adhuhuri ilipoadhiniwa, kila mtu alikuwa na kwake. Mwana alinunua maziwa ya ngamia, chai ikapikwa kwa sufuria ya harusi.

Wapangaji walipokwenda kumshukuru, Ayeyo alikasirika. "Mimi nimefanya nini? Nimeheshimu mwanangu. Nendeni mchote maji, punda amefika."

Mimi nilingoja watu wapungue. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Akanipa kikombe cha chai.

"Ndiyo maana uko darasa ya tatu mpaka leo," akasema.

Mtoto wa mshonaji alifanya mtihani wake, akafaulu. Alisoma chini ya taa ndani ya chumba chenye mlango mpana kuliko yote.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Bute, mbali kule Wajir Kaskazini. Mlango haupandi basi la safari kama ile, na huko nilipewa nyumba ya shule. Niliuacha umeegemea herio ya Ayeyo. Hakupenda. Alinitumia sauti ya dakika saba nikiwa bado njiani, akinilaumu kwamba nimehama kama mwanamume.

Likizo iliyopita nilirudi Garissa. Nilimkuta amepungua, macho yameingia ukungu. Anawajua wapangaji kwa mlio wa milango yao sasa. Alinishika mkono, akagusa vidole vyangu kama anayehesabu, akasema twende.

Tulitembea polepole hadi pembeni mwa mji, kwenye kipande chake cha ardhi ambako zamani ngamia wake walilala. Mshonaji alitupokea, futi ya kitambaa shingoni. Ardhi ni ya Ayeyo, lakini vyumba vitatu vilivyosimama pale ni vya mshonaji, jiwe kwa jiwe, kutoka kwenye cherehani ile. Wana karatasi ya makubaliano iliyoshuhudiwa na wazee wawili. Yule aliyekuja juu ya lori sasa ana wapangaji. Sioni haya kukiri kwamba nililia.

Vyumba viwili bado vilikuwa na mashimo matupu, vinangoja. Cha tatu kilikuwa na mlango wa buluu. Hata kwa mbali nilisoma herufi zake.

"Amekuja mama na wasichana watatu, kutoka Dagahaley," Ayeyo akasema. "Nikamwuliza mlango yake. Hana. Nikakumbuka iko moja, mwenyewe amekimbia Bute." Mshonaji akacheka, akaniambia aliubeba mlango wangu kwenye mkokoteni kabla ya ukuta wa mbele kuinuliwa, na fundi akajenga ukuta kwa kuupima.

Wasichana walikuwa ndani. Niliwasikia wakirudia kwa sauti moja maneno ya mlango: darasa la tatu, darasa la tatu. Nilisogea, nikaweka kiganja kwenye mbao ile niliyoifungua na kuifunga miaka saba. Nikaanza kuusukuma, kwa mazoea.

Ayeyo akanivuta mkono.

"Gonga," akasema. "Bole bole, mwalimu. Huko ndani kuna wenyewe."

Nikagonga.